Forester ya turbo haifi kwa kukosa nguvu, hufa kwa kukosa oili

Wiki iliyopita tuliletewa Subaru Forester yenye injini ya EJ25 ya turbo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi), ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa imenoki, yaani injini imekufa, ikipanda Mai Mahiu kurudi Nairobi. Mwenyewe alishikilia kwamba oili ilibadilishwa miezi mitatu iliyopita, na stika ya huduma ilikuwepo kweli. Nilipochomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ncha yake ilikuwa kavu. Tulipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, tukakuta oili isiyofika lita 2, imejaa unga wa chuma unaong'aa.

Injini hiyo huchukua lita 4 na kidogo. Kutoka alama ya F (imejaa) hadi ya L (imepungua) kwenye dipstiki ni takriban lita 1, yaani ukifika L umeshapoteza karibu robo ya oili yote. Injini za turbo hula oili, hata zile nzima. Kwa hiyo chomoa dipstiki kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa kwa dakika chache. Nasisitiza jambo hili kuliko chapa ya kopo.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukipigwa na moshi wa ekzosi wenye joto kali sana. Bushi zake haziigusi. Kinachoibeba ni utando mwembamba wa oili, na oili hiyohiyo ndiyo inayoondoa joto. Ikiungua hubaki masizi magumu.

Sasa suala la aina ya oili, 5W-30 au 5W-40. Namba iliyo kabla ya W ni tabia ya oili ikiwa baridi, na hapa kwetu hakuna theluji. Namba ya pili ni uzito wake kwenye nyuzi 100. Lakini oili hupimwa pia kwenye nyuzi 150, ikiwa inasagwa kama ndani ya beringi: hapo uzito wa 5W-40 hautakiwi kushuka chini ya 3.5 (kwa kipimo cha mPa·s), ilhali 5W-30 huruhusiwa hadi 2.9. Kwa gari lililotumika Japani, linalopanda milima yetu na mzigo, mimi huweka 5W-40 ya sintetiki kamili, mradi kitabu cha gari kinairuhusu. Geuza kopo usome herufi ndogo za viwango vya ubora: ACEA A3/B4, na API SN au SP. SAE 40 ile ya galoni, isiyo na namba ya W, usiitie humu kamwe. Asubuhi ni nzito, huchelewa kufika kwenye turbo.

Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, pamoja na filta. Ukimaliza kupanda mlima, endesha taratibu kilomita 2 za mwisho turbo ipoe, ndipo uzime.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawakigusi. Nyingi ya injini hizi zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Oili ikichelewa kubadilishwa, wavu huziba, na turbo hukauka hata kama dipstiki inasoma F. Mwambie fundi akifungue, akisafishe au aweke kipya.

Cha Forester hii kilikuwa kimeziba kabisa. Nimemwekea mwenyewe boliti ile kwenye kikopo, aione akija Jumamosi.