Maziwa ya mama anayefanya kazi eksirei hayana mionzi, acheni kuyamwaga

Wiki iliyopita nimemkuta nesi mmoja kasimama kwenye sinki anakamua maziwa anayamwaga. Mtoto wake ana miezi 4, yuko Uyole na bibi yake, kaanza kupewa uji mwepesi. Namuuliza vipi mdogo wangu, ananiambia asubuhi alimshika mgonjwa akipigwa picha ya kifua, wenzie wakamwambia maziwa yameingia mionzi asubiri siku mbili. Siku mbili! Hii stori nimeisikia Mbeya, nimeisikia Iringa, Njombe pia, na ndiyo inaniuma kuliko zote maana anayelala njaa ni mtoto.

Jamani, mionzi ya eksirei inatengenezwa na umeme ndani ya tyubu, ukiachia kitufe imeisha palepale, haibaki chumbani, haibaki kwenye shuka, haibaki mwilini wala kwenye titi. Umeme ukikatika ile mashine haina tofauti na kabati la chuma. Nguo uliyoianika juani mchana kutwa haikuangazii chumba usiku, na maziwa ni hivyohivyo, yakipitiwa na eksirei hayageuki kuwa na mionzi. Hata ukipigwa picha wewe mwenyewe, hata ukifanyiwa siti skani na ile dawa ya kuchomwa kwenye mshipa, inayofika kwenye maziwa haifiki asilimia 1 ya dozi uliyopewa na tumbo la mtoto linachukua kidogo sana ya hiyo, kwa hiyo ukitoka pale nyonyesha.

Panapobadilika ni kwenye dawa zenyewe zenye mionzi, zile za kumezwa au kuchomwa kama wanavyofanya Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar. Iodini-131, moja ya dawa hizo, nguvu yake inapungua nusu kila siku 8 na inaingia kwenye maziwa kweli, kwa hiyo mama anaachisha kabisa mtoto huyo kabla hajapewa. Na kama kazi yako ni kuzishika hizo dawa na unanyonyesha, mwambie msimamizi akubadilishie majukumu, kwa sababu zikimwagika unaweza kuzivuta au kuzimeza. Watu wanachanganya hizo na eksirei ya kawaida, ndo uji wa miezi minne unapotokea.

Yule dada kosa lake halikuwa kwenye maziwa, lilikuwa kumshika mgonjwa bila aproni, ile nzito ya kuzuia mionzi yenye madini ya risasi ndani. Mfanyakazi si mtu wa kushika wagonjwa kila siku, mtafute ndugu wa mgonjwa ambaye hana mimba, mvalishe aproni, ashike yeye.

Halafu kuna hili la kunywa maziwa fresh ili kusafisha mionzi. Maziwa ya Rungwe matamu, kunywa ushibe, ila hayaondoi mionzi yoyote.

Eti ukishika mimba ukiwa kitengo cha mionzi itaharibika kwa hiyo uifiche mpaka tumbo lionekane, au mbaya zaidi uitoe. Hapana! Toa taarifa siku unayojua, kwa maandishi, kwa sababu ulinzi wa mtoto unaanza hapo, kuanzia siku hiyo asipate zaidi ya milisiveti 1 (kipimo cha dozi ya mionzi) mpaka mimba iishe, wakati mtu yeyote duniani kwa wastani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mazingira tu. Madhara ya viungo na ubongo yanayoogopwa yanaongelewa kuanzia karibu miligrei 100 (kwa eksirei miligrei 1 ni sawa na milisiveti 1), na picha ya kifua haimpi mtoto tumboni hata 0.01. Ukipanga kazi vizuri unaendelea kufanya kazi. Omba beji ya pili, ile ya kupima mionzi unayopata, ivae kiunoni NDANI ya aproni, na uivae kweli dada yangu, beji iliyolala droo haipimi kitu, Tume ya Nguvu za Atomiki wataisoma na watapata hewa ya droo.

Altrasaundi ni mawimbi ya sauti, haina mionzi hiyo, basi.

Na wanaoamini aproni peke yake, rudi nyuma pia. Ukitoka mita 1 kwenda mita 2 mbali na mgonjwa anayepigwa picha, dozi inashuka mpaka robo. Mkimaliza aproni itundikeni, msiikunje na kuitupa kwenye kiti, ile risasi ya ndani inapasuka bila nyie kuona na anayekuja kuivaa kesho anaweza kuwa ana mimba ya wiki 6.