Paka dume anayeziba mkojo mara kwa mara: maswali na majibu

Haya ni maswali ya wenye paka ambao wamekwisha kuipitia hofu hii angalau mara moja: paka alizibuliwa, akarudi nyumbani, na sasa anachutama tena kwenye mchanga bila kitu kutoka.

Nitajuaje kwamba ameziba tena, si kwamba amefunga choo?

Ukimtazama kwa mbali, huwezi kutofautisha, na hapo ndipo saa za thamani hupotea. Anachutama, anakaza mgongo, mkia unatetemeka kidogo. Anatoka, anazunguka, anarudi palepale. Ukiutazama mchanga ni mkavu, au una tone moja la rangi ya damu. Wengine huhamia bafuni au juu ya nguo zilizokunjwa, kana kwamba kosa ni la trei. Hujilamba chini ya mkia bila kupumzika. Baadaye hulia kwa sauti nzito, hujificha, hukataa kula, hutapika.

Paka dume anayejikamua bila kutoa kitu mhesabu kuwa ameziba mpaka daktari wa mifugo amshike tumbo. Kibofu kilichojaa namna hiyo huwa kigumu kama chungwa. Usijaribu kukibonyeza mwenyewe, kwa maana kinaweza kupasuka. Wala usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinatosha kumuua paka.

Nina muda gani?

Hesabu saa, usihesabu siku. Mkojo ukikosa njia, presha hurudi nyuma hadi kwenye figo, figo hushindwa kuchuja, na taka zilizopaswa kutoka hubaki kwenye damu. Ya hatari kuliko zote ni potasiamu. Ikipanda, mapigo ya moyo hupungua, hupoteza mpangilio, na mwisho moyo husimama. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu, na kabla ya hapo huwa ameshateseka vya kutosha. Ukigundua usiku, ondoka usiku huohuo.

Ukimfikisha akiwa amelegea na mwili umepoa, usishangae daktari akianza na moyo kabla ya mrija wa mkojo, yaani njia ya kutoka kibofuni kwenda nje: dripu, kalsiamu ya mshipani, kipimo cha potasiamu. Akishatulia ndipo humpa dawa ya usingizi na kupitisha mpira wa mkojo.

Kwa nini ni madume? Je, ni kwa sababu nilimhasi?

Mrija wa dume ni mrefu, na hupungua upana kadiri unavyokaribia ncha ya uume. Wa jike ni mfupi na mpana, kwa hiyo kinachoziba kwa dume kwa jike hupita. Kuhusu kuhasi, ondoa lawama hiyo moyoni. Haijathibitika kwamba kuhasi mapema huufanya mrija uwe mwembamba.

Alizibuliwa vizuri. Mbona imejirudia?

Kwa sababu kuzibua ni jambo moja, na kutibu kilichosababisha aziba ni jingine. Hili ndilo ningependa kila mwenye paka alielewe kabla ya jingine lolote, maana maamuzi yote yanayofuata yanalitegemea.

Mrija unaweza kuzibwa na donge laini la ute, seli na fuwele, mfano wa mchanga uliochanganywa na gundi. Unaweza kuzibwa na jiwe. Na unaweza kuziba bila kitu chochote ndani yake: umevimba tu, na misuli yake imekakamaa. Nyuma ya madonge na mkakamao huo mara nyingi kuna kibofu kinachovimba na kuwasha bila sababu inayoonekana kwenye vipimo, ugonjwa unaokuja na kuondoka na unaochochewa sana na msongo. Ndiyo maana dawa za kuua bakteria peke yake haziwasaidii wengi wao. Kwa paka kijana, bakteria kwenye mkojo ni nadra.

Basi kama ungekuwa na swali moja tu la kumuuliza daktari, uliza hili: ni nini hasa kilichoziba? Mkojo upimwe, picha ya eksirei au altrasaundi ipigwe. Mawe ya struviti, ambayo hutokana na magnesiamu, amonia na fosfeti, yakiwa ndani ya kibofu yanaweza kuyeyushwa kwa chakula maalumu. Mawe ya kalsiamu oksalati hayayeyuki kwa chakula chochote, hayo hutolewa. Mwenye paka asiyejua ni jiwe gani anaweza kununua chakula cha tiba miezi mingi na jiwe likabaki vilevile.

Kuna pia kurudia kwa haraka, ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa. Mrija bado umevimba, umechubuliwa na mpira, na paka ana maumivu. Ndiyo sababu daktari hupenda abaki na mpira siku moja hadi tatu, mkojo uwe safi, na dripu iendelee, kwa kuwa figo zikifunguka baada ya kuziba humwaga maji mengi kuliko kawaida. Usiombe atolewe mapema kwa huruma ya kumkosa nyumbani. Akiruhusiwa, hakikisha ameandikiwa dawa ya maumivu inayofaa paka. Zamani prazosin ilitolewa karibu kwa kila paka ili kulegeza mrija, lakini tafiti za karibuni hazikuonyesha kwamba inazuia kuziba tena, kwa hiyo usishangae daktari wako akiiacha.

Nibadilishe nini nyumbani?

Maji kwanza. Mkojo mzito ndio unaotengeneza fuwele na kuuwasha ukuta wa kibofu. Paka kwa asili hanywi sana, hupata maji yake ndani ya chakula. Chakula kikavu kina maji kidogo mno, takriban asilimia 10, ilhali cha kopo hufika asilimia 75 au zaidi. Mbadilishie polepole kwa siku kadhaa, na ukiweza ongeza vijiko viwili vya maji juu yake. Weka mabakuli mapana mbali na trei. Wengine hupenda maji yanayotiririka.

Kama daktari amempa chakula cha tiba, basi kiwe hicho tu, bila kuonjeshwa vya mezani.

Kisha utulivu, ambao watu huudharau kwa sababu haununuliwi dukani. Paka huumwa kibofu kwa mambo ambayo kwetu ni madogo: mgeni aliyekaa wiki nzima, kitanda kilichohamishwa, paka wa jirani anayekodoa macho dirishani, paka mwenzake anayemzibia njia ya kwenda kwenye trei. Trei ziwe moja zaidi ya idadi ya paka, na zisipangwe zote kwenye kona moja. Mpe mahali pa juu pa kupanda, pa kujificha, na dakika chache za kucheza kila siku saa ileile. Mnene apunguzwe mwili taratibu, asikatiwe chakula ghafla, kwani ini lake laweza kuharibika.

Ameziba mara ya tatu. Daktari anapendekeza upasuaji. Nikubali?

Katika upasuaji huo sehemu nyembamba ya mrija huondolewa, na tundu jipya hufunguliwa penye upana zaidi. Hupendekezwa paka anaporudia kuziba licha ya uangalizi mzuri, mpira unaposhindwa kupita, au mrija unapokuwa umeharibika. Wengi huishi vizuri miaka mingi baadaye.

Lakini upasuaji hupanua njia, hauponyi kibofu. Paka anaweza kuendelea kuvimba kibofu, kukojoa damu, hata kutengeneza mawe. Tundu jipya linaweza kubanwa na kovu, na maambukizi ya mkojo huwa rahisi zaidi kuliko awali. Kwa hiyo chakula, maji na utulivu vinabaki palepale. Nikiulizwa, nasema upasuaji una thamani kubwa kwa paka ambaye chanzo chake kimeshachunguzwa. Kuukimbilia baada ya mara ya kwanza, kabla ya kubadilisha chochote nyumbani, ni mapema mno. Na akifanyiwa, kola ya kumzuia kujilamba ikae shingoni mpaka kidonda kipone hata akikutazama vipi kwa kukulalamikia. Paka mmoja anayelamba nyuzi usiku mmoja anaweza kuiharibu kazi yote.

Na kama fedha haitoshi?

Mwambie daktari kiasi ulichonacho kabla kazi haijaanza, bila aibu. Kuna njia za kati: kwa baadhi ya paka ambao bado hawajazidiwa, madaktari wamefanikiwa kwa dawa za kutuliza, kutoa mkojo kwa sindano, na chumba kimya, bila mpira. Haifai kwa kila paka na si nzuri kama matibabu kamili, ila ni bora kuliko kumrudisha nyumbani akiwa ameziba. Kaeni mzungumze wakati paka ni mzima: akiziba tena tutafanya nini, na mpaka wapi?

Je, kumpumzisha kwa sindano ni kumsaliti?

Hapana. Kumwacha aziba mpaka afe mwenyewe ndiko kunakoumiza, kwa kuwa ni kifo cha maumivu makali. Ikiwa ameziba tena na tena, upasuaji hauwezekani, na hakuna namna ya kumtibu, kumlaza kwa sindano akiwa mikononi mwako ni kumtunza mpaka mwisho. Na mtu aliyefikia hapo hastahili kuhukumiwa na yeyote.

Kila akiingia kwenye trei moyo unanidunda. Nitaishi hivi mpaka lini?

Hofu hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kuwa na kitu cha kuhesabu. Tumia mchanga unaoganda, uchote asubuhi na jioni, utazame madonge. Paka mwenye afya huacha mawili hadi manne kwa siku, na anayekula chakula cha maji huacha makubwa zaidi. Andika kwenye kalenda. Madonge yakiwa mengi na madogo kama njegere, kibofu kinawaka, mpigie daktari siku hiyohiyo. Yasipokuwepo kabisa naye anaendelea kuchutama, chukua kikapu chake mkatoke.