Mbolea ya kukuzia kwenye ufuta maana yake nini hasa

Watu wengi ukiwatajia mbolea ya kukuzia wanawaza mfuko fulani kule dukani, yaani DAP ni ya kupandia na UREA ni ya kukuzia, imeisha hiyo. Kumbe kupandia na kukuzia ni habari ya wakati, mbolea inaingia shambani lini na mmea muda huo una njaa ya kitu gani.

Soma namba za kwenye mfuko. DAP imeandikwa 18-46-0, yaani asilimia ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kama kilo 9 za naitrojeni na 23 za upande wa fosforasi, potasiamu hamna kabisa. Fosforasi ni ya mizizi na kwenye udongo haitembei, ukiimwaga juu mwezi mmoja baadae inabaki hapohapo juu, ndo maana inafukiwa siku ya kupanda, ila isigusane na mbegu maana mbegu ya ufuta ni ndogo mno inaungua fasta. Naitrojeni yenyewe inatembea na maji, ukiiweka yote mwanzoni halafu ikapiga mvua kubwa inashuka chini huko ambako mizizi haijafika, hela yako imezama. Kukuzia kumetokana na hapo, unaibakiza naitrojeni mpaka mmea uweze kuila.

Kwa ufuta huo muda ni wiki ya tatu hadi ya nne, ukishapunguzia miche na kupalilia, kabla maua hayajaanza. Wiki za mwanzo kanakua taratibu sana kale kamche, ukikapa mapema unalisha magugu.

Sasa kiasi, na hapa ndo watu wanapoharibu kwa sababu wanaupigia ufuta hesabu za mahindi. Ufuta unatoa maua kuanzia chini kwenda juu huku wenyewe bado unarefuka, ukiuzidishia UREA hautaki kuacha kukua, unakuwa mrefu, majani ya kijani kilichokolea yanavutia kweli, mpita njia anakusifia, kumbe juu bado unachanua na chini maganda yashakauka yanapasuka mbegu zinamwagika. Uvune lini sasa? Ukivuna mapema za juu ni changa, ukisubiri za chini zimeisha, na upepo ukija mimea inalala. Mfuko mzima wa UREA wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, mimi kwa ekari moja naona nusu mfuko inatosha mara nyingi, na kama msimu uliopita palikuwa na mahindi yaliyowekewa mbolea ya kutosha unaweza kupunguza tena. Kwa wale wa Lindi na Mtwara wanaolima shamba jipya lililotoka kufyekwa, wengi hawaweki kitu na wanavuna, ardhi bado ina akiba yake.

Ukiweka hakikisha udongo una unyevu na ufukie, UREA ikiachwa juani inapotea kama hewa hivihivi.

Halafu sio kila ufuta wenye majani ya njano unadai kukuziwa, kama shamba linatuamisha maji mizizi inakosa hewa na majani yanageuka njano hivyohivyo, hapo weka mbolea pembeni kwanza, chukua jembe uchimbe mfereji maji yatoke.