MRI ya figo haithibitishi kansa

"MRI imethibitisha ana kansa ya figo." Kauli hii naisikia Kampala, naisikia Arua, tena kwa watu waliosoma vizuri.

Maana ya maneno yenyewe ni fupi. MRI ni kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Haitumii eksirei, inayotumia ni CT, kipimo kingine cha picha, ingawa mitaani zote mbili ni "skani" tu. Uvimbe mdogo wa figo ni ule usiozidi sentimita 4. Mara nyingi huonekana kwa bahati: mtu kaenda kupigwa altrasaundi ya tumbo kwa jambo lingine kabisa.

Sasa hilo neno "imethibitisha". Kwa kila watu watano wanaokatwa uvimbe mdogo wa namna hii, karibu mmoja hukutwa hakuwa na kansa. Kazi ya MRI ni kuchunguza tabia za uvimbe, na tabia inayosomeka vizuri kuliko zote ni mafuta. Kuna uvimbe uitwao anjiomailipoma, wenye mishipa ya damu, misuli na mafuta. Mashine hupiga picha ya kawaida, kisha nyingine iliyozima mng'ao wa mafuta. Kilichong'aa kwenye ya kwanza kikififia kwenye ya pili, hicho ni mafuta, na daktari wa picha anaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba si kansa. Hapo sibishani naye.

Kuthibitisha kwamba ni kansa ndiko kugumu. Kansa ya figo inayopatikana zaidi, ile ya seli angavu, kwa kawaida hung'aa kwenye picha ziitwazo T2, aina mojawapo ya picha za MRI, na hufyonza haraka gadolini, dawa inayochomwa mshipani ili picha isomeke vizuri. Aina nyingine ya kansa, ya papilari, huwa nyeusi kwenye picha hizo na hufyonza polepole. Lakini onkositoma, uvimbe ambao si kansa, nao yaweza kung'aa na kufyonza vilevile. Ndiyo maana wataalamu wametunga alama, 1 hadi 5, za kukadiria kama uvimbe ni wa seli angavu. Hata 5 maana yake ni "yaelekea sana".

Anayethibitisha ni mtaalamu wa patholojia, akiwa na kipande cha uvimbe chini ya hadubini, kiwe kimetolewa kwa sindano au kwa upasuaji. Wapo wanaopasuliwa bila sindano kwa kuwa picha imetosha kumfanya daktari aamue. Kuamua kupasua na kuthibitisha ni mambo mawili. Kupewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Kansa pale Mulago, Kampala, nako si uthibitisho.

Neno hilo likifika nyumbani, ukoo unakusanyika, ng'ombe anauzwa, na mzee anataka figo nzima itolewe kesho. Kumbe uvimbe mdogo mara nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka, na kwa mgonjwa mzee mwenye presha na sukari daktari anaweza kushauri ufuatiliwe kwa picha za mara kwa mara.

Basi, ndugu yangu, ukiwapigia simu watu wa nyumbani, waambie hivi: MRI imeonyesha uvimbe wa sentimita kadhaa kwenye figo, unatiliwa shaka, na bado haujapimwa maabara.