Jumla ya mwaka haiwashi taa saa 2 usiku

Imetoka ripoti nyingine inayosema eneo fulani litajitosheleza kwa umemejua, eti kwa kuwa uzalishaji wa mwaka unalingana na mahitaji ya mwaka. Nimechoka kulirudia hili: kulingana kwa mwaka hakuhakikishi umeme wa usiku mmoja.

Chukua mahitaji ya wastani wa megawati 20. Kwa saa 8,760 hizo ni megawati saa 175,200. Mitambo ya jua ya megawati 100 yenye kipengele cha uwezo cha 20%, yaani kwa wastani wa mwaka inatoa 20% ya uwezo wake wote, inazalisha 175,200 zilezile. Kwenye jedwali hesabu imefunga. Sasa ifungue siku moja, yenye mahitaji ya megawati saa 480. Saa 12 jioni hadi saa 5 usiku watu wanavuta megawati 35. Kutoka hapo hadi saa 12 asubuhi, 15. Jumla ni megawati saa 280 gizani, na zote zitoke kwenye betri. Betri inayorudisha 85% ya ilichopokea itataka ichajiwe 329. Ongeza 200 zinazotumika mchana moja kwa moja, umefika 529, na jua limetoa 480. Tayari unahitaji mitambo ya megawati 110, na wingu halijatanda bado.

Wingu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Modeli za mipango ya muda mrefu, kama OSeMOSYS au TIMES, kwa kawaida hazipigi hesabu ya kila saa. Miaka 30 ni saa 262,800, na kompyuta inaelemewa. Kwa hiyo mwaka hukatwa vipande: misimu, mchana, usiku. Ukiuwakilisha msimu wa mvua kwa siku moja ya wastani, siku 3 mfululizo za wingu zito zinayeyuka ndani ya siku za jua kali. Modeli inanunua betri ndogo, haiweki mtambo wa akiba, inakupa gharama ya kupendeza. Iweke wiki mbaya peke yake, siku zake zikifuatana, kwa uzito unaolingana na mara inazotokea. Kisha chukua mitambo iliyochaguliwa uiendeshe saa kwa saa, kwa miaka kadhaa ya hali ya hewa. Bila hatua hii ya pili, usichapishe.

Kanuni ya kuchagua wiki hiyo ninayoiamini kabisa sina. Wiki ya jua hafifu huenda isiwe wiki ya maji haba mabwawani wala ya upepo mdogo. Mimi hujaribu wiki kadhaa, nikashika mitambo inayochaguliwa kila mara. Iliyobaki naiandika kuwa ya mashaka.

Kiwango cha punguzo, yaani asilimia inayoshusha thamani ya fedha za miaka ijayo kila mwaka ikilinganishwa na za leo, nacho kisifichwe kwenye kiambatisho. Kikitoka 5% hadi 12%, rejesho la kila mwaka la gharama ya kujenga mtambo wa miaka 20 linapanda kwa takribani 67%. Jua, linalolipiwa karibu lote mwanzoni, linaonekana ghali. Dizeli, inayolipiwa kadiri inavyochomwa, inaonekana nafuu. Mitambo ni ileile, mahitaji ni yaleyale, na mpango umegeuka kwa namba moja ambayo waziri hakuonyeshwa.