Chombo kilichofukiwa shambani si mgodi: mambo ambayo mwananchi na mtafiti wa ardhi wanadaiana

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu hapa Arusha imepokea malalamiko kutoka pande mbili. Watafiti wanalalamika kwamba kwenye vituo vya kupimia matetemeko ya ardhi paneli za sola zinang'olewa na betri zinabebwa. Kuna vituo ambako kipima tetemeko kimefukuliwa na shimo likaendelezwa chini zaidi ya pale kilipokuwa kimekaa, maana yake aliyechimba hakuwa anatafuta betri. Wananchi nao, hasa wa vijiji vya Monduli, Longido na Ngorongoro, wanalalamika kwamba wageni wanakuja na gari, wanafukia kitu, wanapiga picha, wanaondoka, na hakuna anayerudi kueleza alichokipata. Malalamiko yote mawili yana msingi, na kwa maoni yangu la pili ndilo linalozaa la kwanza.

Nianze na kilichomo ndani ya shimo, kwa sababu uvumi wa hazina iliyofichwa unaanzia hapo. Mafundi huchimba kwa sururu na koleo, kwa kawaida kina cha mita moja hivi, mbali na barabara, miti mikubwa na mashine ya kusaga, kwa kuwa vyote hivyo vinatikisa ardhi. Chini humwagwa zege kidogo na kusawazishwa kwa pima maji. Juu ya zege kinawekwa kipima tetemeko, chombo cha chuma kinachoweza kufika kilo kumi, kikielekezwa kaskazini sawasawa. Kinafunikwa kwa pipa la plastiki, kisha udongo unarudishwa. Waya unatoka hadi kwenye sanduku lenye betri na kifaa cha kurekodi, na paneli ya sola inasimama pembeni ndani ya uzio. Ndani ya chuma kile kuna uzani, springi, sumaku na koili za waya. Ardhi inapotikisika, uzani unachelewa kuifuata, na tofauti hiyo inageuka umeme mdogo unaorekodiwa. Chombo hakitumi kitu chochote ardhini na hakivuti kitu kutoka ardhini.

Hakuna zebaki ndani yake. Hakuna dhahabu chini yake. Hakionyeshi mahali Mjerumani wa enzi ya ukoloni alipofukia rupia zake, na alama za zege za wapima ardhi, ambazo nazo zinabomolewa kwa imani hiyohiyo, hazikuwekwa juu ya hazina ya mtu. Hili nimelisema kwenye mikutano mingi ya vijiji, watu wakaitikia kwa kichwa, kisha wiki chache baadaye tukapigiwa simu kwamba kituo kimefukuliwa usiku. Wala chombo hakisababishi tetemeko. Tunakiweka Engaruka au Gelai kwa sababu huko ndiko ardhi inakotetemeka mara kwa mara, na ilikuwa ikitetemeka hivyo kabla ya chombo cha kwanza kutengenezwa popote duniani.

Kwa nini vituo vingi? Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili kuu. La kwanza husafiri kwenye miamba ya juu kwa kasi ya karibu kilomita 6 kwa sekunde, la pili karibu kilomita 3.5. Tukijua yamepishana kwa sekunde ngapi kufika kituoni, tunajua tetemeko lilitokea umbali gani. Yakipishana kwa sekunde 10, kitovu kiko umbali wa kilomita 80 hivi. Lakini kituo kimoja kinatupa umbali peke yake, hakituambii ni upande gani. Kinahitajika cha pili na cha tatu ili mahali pajulikane, na cha nne ili kina kijulikane vizuri. Kwa hiyo anayeondoka na betri ya kituo cha Ketumbeine anaweza kufanya rekodi za vituo vya jirani zisitoshe kujibu swali ambalo yeye mwenyewe atauliza usiku nyumba yake itakapotikisika.

Mwaka 2007 ni mfano ambao wengi bado wanaukumbuka. Mwezi Julai ardhi ilitetemeka kwa siku nyingi mfululizo kuzunguka mlima Gelai, na tetemeko kubwa zaidi, la ukubwa wa 5.9, lilitokea tarehe 17. Arusha tulilisikia. Nairobi watu walitoka mbio kwenye maghorofa. Picha za rada za setelaiti zilikuja kuonyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza kwenye ufa chini ya ardhi bila kufika juu. Septemba mwaka huohuo mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai ukaanza kulipuka kwa majivu, na milipuko ikaendelea hadi 2008. Tangu 2016 kuna vituo vya GPS, vinavyopima ardhi inavyosogea, kuuzunguka mlima huo, vilivyowekwa kwa ushirikiano unaokihusisha Chuo Kikuu Ardhi, na takwimu zake ziko wazi kwa yeyote. Vituo hivyo ndivyo vilivyobaini kwamba mwaka 2022 mlima uliinuka, kwa kiasi kidogo ambacho mchungaji anayepita chini yake kila siku asingeweza kukiona. Kuinuka huko si tangazo la mlipuko. Ni sababu ya kuendelea kupima.

Hapo linakuja suala la ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya simu. Kila ardhi inapotikisika Arusha au Moshi, haipiti saa moja kabla ya sauti ya mtu asiyejulikana kutangaza kwamba "wataalamu wamesema" jingine kubwa linakuja saa nane usiku. Hakuna mtaalamu aliyesema hivyo. Hakuna nchi duniani, iwe Japani, Marekani au yetu, yenye uwezo wa kutaja siku na saa ya tetemeko. Tunachoweza kusema ni maeneo gani yana uwezekano mkubwa zaidi na kwamba baada ya tetemeko kubwa madogo hufuata. Ujumbe wenye saa ndani yake ni wa uongo, na hauhitaji kupelekwa kwa mtu mwingine ili "athibitishe".

Vivyo hivyo Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu, na kabla miili haijamaliza kutafutwa ilienea habari kwamba mlima umelipuka. Haukulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka. Tofauti hiyo ina uzito wake, kwa kuwa anayekimbia volkano na anayekimbia maporomoko hawakimbilii mahali pamoja. Wa Katesh alipaswa kuondoka kwenye njia za maji na kupanda pembeni.

Wananchi wapate kujua pia sheria inasemaje, maana wengi wanashtuka wakiwa tayari mahakamani. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamhusu anayechapisha kwa kompyuta au simu taarifa anayojua kuwa ya uongo kwa nia ya kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa vifaa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inasema hivi: wizi chini ya kifungu cha 265 ni kifungo cha hadi miaka 7; kuharibu mali kwa makusudi chini ya kifungu cha 326, hadi miaka 7; kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, kifungu cha 311, hadi miaka 10. Narudia hicho cha mwisho kwa ajili ya mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu: anayenunua anaweza kufungwa muda mrefu kuliko aliyeiba. Sanduku lenye namba ya usajili, waya wenye viungo vya chuma vya kuzungusha na antena nyeupe ya GPS si bidhaa inayouzwa mtaani. Ukiletewa, usinunue, na umjulishe mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi. Ukipeleka kifaa mwenyewe kabla hakijatafutwa, hakikisha kinaandikwa kwenye kitabu cha kituo na unapewa namba ya taarifa.

Sasa upande wa mtafiti, na hapa naomba watendaji wa vijiji wasome taratibu. Mtafiti asiye raia lazima awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986. Kibali kina jina lake, kichwa cha utafiti, mikoa anayoruhusiwa na tarehe ya mwisho. Soma mikoa. Kibali kinachotaja Arusha na Manyara hakimruhusu kufanya kazi Hai au Moshi Vijijini, hata kama ni mwendo mfupi kwa gari. Soma na tarehe, kwa sababu wapo wanaorudi mwaka wa pili na karatasi ya mwaka wa kwanza. Kutoka COSTECH anapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye humwandikia barua kwenda wilayani. Wilaya humtambulisha kwa Mtendaji wa Kata, na kata kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa. Mwanafunzi au mhadhiri wa chuo chetu cha ndani kwa kawaida huja na barua ya utambulisho ya chuo chake, lakini ngazi za mkoa hadi kijiji ni zilezile. Akitaka kuingia hifadhini, yapo maombi mengine ya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, pamoja na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kwa upande wa Ngorongoro. Kibali cha kijiji hakifungui lango la hifadhi, na kibali cha hifadhi hakifungui shamba la mtu.

Kwenye shamba la mtu kinahitajika kitu cha ziada: makubaliano ya maandishi na mwenye shamba, yaliyosainiwa mbele ya mtendaji, yanayotaja chombo ni nini, kitakaa hadi lini, nani analipwa kwa ulinzi na kiasi gani, na nani ataziba shimo mwishoni. Yawe kwa Kiswahili. Nimeona makubaliano ya Kiingereza yaliyosainiwa kwa dole gumba na bibi wa Kimaasai ambaye hata Kiswahili alikuwa akitafsiriwa na mjukuu wake. Karatasi ya namna hiyo haimlindi bibi wala mtafiti, na sishangai chombo chake kilipotoweka kijiji kizima kikasema hakijaona kitu.

Mawe nayo yana utaratibu. Sampuli za miamba hazitoki nchini bila kibali chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123. Mifupa na nyayo zilizogeuka mawe ziko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Sura ya 333, na haziokotwi, haziuzwi, hazipelekwi nje kwa sababu tu zimetokea kwenye korongo la kijiji chako. Ukiona kitu cha aina hiyo mvua ikishakata korongo, kiache palepale, weka alama pembeni, mwambie mtendaji. Mfupa ukishang'olewa, habari nyingi za ule udongo uliokuwa umeushika hupotea.

Jambo ambalo watafiti wenzangu wanalikwepa ni kurudi. Ripoti ikishachapishwa kwenye jarida la Ulaya, kazi kwao imekwisha. Kwetu haijaisha. Mwaka 2013 na 2014 vipima tetemeko viliwekwa kuzunguka maziwa Natron na Magadi, pande zote mbili za mpaka, na utafiti wa kipindi hicho ukaonyesha kwamba gesi nyingi ya kaboni dioksidi inapanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa za Bonde la Ufa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa kwenye mabonde. Mfugaji anayelaza ndama kwenye korongo karibu na ufa ana haki ya kuambiwa hivyo kwa lugha anayoielewa, na asisubiri kusikia kwa bahati. Mtendaji, unaposaini barua ya mtafiti, mwandikie hapohapo tarehe ya kurudi kueleza matokeo kwenye mkutano wa kijiji.

Wapo wanaoniuliza mitetemo ya Longido inamhusu nini mtu wa pwani. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra lilizaa tsunami iliyoua hadi kwenye fukwe zetu. Mawimbi ya tetemeko hupita ndani ya dunia kutoka Sumatra hadi kaskazini mwa Tanzania kwa kama dakika 10. Wimbi la bahari lilichukua saa nyingi. Chombo kinachosikia Gelai kinasikia na Sumatra. Tahadhari ya mvuvi wa Bagamoyo inategemea vyombo vya aina hii, vingi vyao vikiwa mbali sana na bahari.

Ukisikia tetemeko, toa taarifa inayosaidia. Andika saa kwa kuangalia simu, mahali ulipo, ghorofa ya ngapi, na vitu vilifanya nini: vyombo viligongana kabatini, taa ilining'inia na kuyumba, maji yalimwagika kwenye ndoo, ukuta ulipasuka wapi. "Lilikuwa kali sana" halitusaidii. Mpe taarifa hiyo mtendaji, aipeleke kwenye kamati ya maafa ya wilaya, na nyumba iliyopasuka msiingie kulala hadi ikaguliwe.

Walimu wa jiografia wanaotaka kuleta wanafunzi kituoni waandike barua kupitia kwa mkuu wa shule na nakala kwa Afisa Elimu Kata, wakitaja idadi ya wanafunzi na tarehe mbili za kuchagua. Epukeni Aprili, barabara za vituo vingi hazipitiki. Tutawasha kompyuta, wanafunzi wataruka juu wote kwa pamoja hatua chache kutoka kwenye chombo, na wataona mstari wao wenyewe ukiruka kwenye kioo. Tunaomba tu wasirukie juu ya pipa.