Kumlipa Anayekutishia Mtandaoni Hakumalizi Vitisho

Wengi huamini kwamba mtu anayetishiwa kusambaziwa picha zake za faragha akilipa kiasi alichodaiwa, jambo litaishia hapo. Imani hiyo ni ya hatari, kwa kuwa malipo ya kwanza humthibitishia mhalifu kwamba anayetishiwa ana hofu na ana fedha. Mwaka 2022, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, kijana wa miaka 17 aliwalipa wahalifu dola 300, nao wakazidi kumdai, na katika muda wa saa chache akajiua. Ndugu wawili kutoka Nigeria, waliojifanya msichana kupitia akaunti ya Instagram iliyodukuliwa, walihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja. Intaneti ndiyo iliyowawezesha kumfikia wakiwa bara jingine, lakini akaunti, ujumbe na miamala yao viliacha alama. Ndiyo maana anayetishiwa hapaswi kufuta mazungumzo, hata yakiwa ya kumwaibisha (na aibu hiyo, kwa haki, ni ya mhalifu). Ayahifadhi, asilipe, amweleze mtu anayemwamini, kisha aripoti polisi mapema.